Motokari ya Jamaa Yetu

Wengi wenu mwaikumbuka Dominika ya tarehe 18 Agosti 2024, siku Kardinali Fridolin Ambongo alipokuja Uvira kwa niaba ya Baba Mtakatifu Fransisko, akawatangaza kuwa Wenye Heri mapadre Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Albert Joubert, pamoja na Bruda Vittorio Faccin, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Siku ile nilisimama kando ya barabara nikiwatazama watu wakiwasili. Walikuja kwa miguu, kwa malori, kwa pikipiki. Na katikati yao zilipita motokari fupi zenye gurudumu la akiba mgongoni, zimejaa watu hata vioo vimefunikwa na mvuke. Ndizo zile RAV4 ambazo kila mtoto wa Kalundu azijua. Katika moja nilihesabu watu tisa wakishuka, na kuku mmoja.

Nyumbani mwetu tunayo moja kama hiyo. Tangu siku ile waumini kadhaa wameniuliza baada ya Misa: “Mwalimu, nimeweka akiba kidogo, na mimi ninunue?” Nawajibu wote pamoja hapa, wala sitaificha aibu yangu.

Kwanza tuijue yenyewe. Kampuni ya Toyota ya Japani iliitoa RAV4 ya kwanza mwaka 1994. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka gari la kupita njia mbaya alipaswa kununua gari zito, kama zile Land Cruiser za misioni, lililojengwa juu ya fremu nene ya chuma. RAV4 haina fremu hiyo. Mwili wake ni kitu kimoja, kama wa motokari ndogo ya mjini, ila umeinuliwa juu kidogo. Kwa sababu hiyo ni nyepesi na haili petroli nyingi. Daftari letu laonyesha lita 10 hadi 12 kwa kilometa 100. Lakini kwa sababu hiyo hiyo haikuumbwa kwa kubeba magunia ya saruji, wala watu tisa. Na toka ardhini hata tumbo lake ni kama shubiri moja tu. Likumbuke neno hilo la shubiri, nitalirudia.

Tena usidanganywe na jina. Zipo RAV4 ambazo injini huendesha magurudumu mawili tu ya mbele. Ukitaka kujua, usimwulize muuzaji: tandika gunia, lala chini, utazame kama kuna mhimili mrefu wa chuma utokao mbele hata magurudumu ya nyuma. Kama haupo, umepewa gari la mjini lenye sura ya gari la shamba. Kipima kilometa nacho usikiamini sana, kwa maana huweza kurudishwa nyuma na watu wasio waaminifu. Heri utazame pedali ya breki. Ikiwa mpira wake umelika hata ukawa laini kama jiwe la mtoni, gari hilo limesafiri sana, hata kipima kikisema nini.

Yetu tuliinunua mwaka 2021, watu watatu kwa fedha moja: Yaya, yaani kaka yangu mkubwa, ambaye huuza ndagala hapa bandarini, shemeji yangu, mjane wa marehemu mdogo wetu, na mimi. Tulilipa dola 4,800. Sehemu ya shemeji ilitoka katika akiba aliyoachiwa na mumewe, naye alikubali kwa sharti moja, kwamba faida ya gari isomeshe binti yake hata amalize mtihani wa serikali. Tukaapa mbele ya baba yetu mkubwa. Mwaka wa kwanza tulikwenda vizuri, ingawa harufu ya ndagala haijatoka hata leo, wala sidhani itatoka.

Neno la usukani lataka kusemwa kwa kirefu. Huko Japani watu hupita upande wa kushoto wa barabara, na Tanzania vilevile. Kwa hiyo magari yaliyotumika huko yana usukani upande wa kuume. Sisi Wakongo, pamoja na jirani zetu wa Burundi, twapita upande wa kuume. Matokeo yake ni kwamba dereva wa motokari kama yetu amekaa karibu na mtaro, hali gari linalomjia liko mbali naye. Akiwa nyuma ya lori, hawezi kuona mbele mpaka nusu nzima ya gari lake imekwisha kutoka katikati ya njia. Wengi wamekufa katika nusu hiyo. Sisi tumeweka sheria: aketiye kushoto ni mtu mzima asiyelala, naye ndiye jicho la dereva. Mke wangu akisema “bado”, mimi narudi nyuma ya lori, hata kama ni lori la makaa na moshi wake unatuua. Abiria wa nyuma hawana ruhusa ya kutoa shauri.

Kuhusu karatasi sitakawia. Sheria ya barabara ni ile ya tarehe 30 Agosti 1978, na bima ni lazima tangu sheria ya mwaka 1973. Mwenye gari asiye na bima, siku akimgonga mtoto wa mwenziwe, atauza nyumba.

Sasa nije kwenye mto. Nchi yetu hapa ni ukanda mwembamba uliobanwa kati ya ziwa na milima. Ziwa liko kwenye kimo cha karibu mita 770, na milima ya Itombwe iliyo nyuma yetu hupita mita 3,000. Mvua ikinyesha kule juu, maji hayana njia ndefu ya kupumzika. Huteremka kwa haraka na kukata barabara ya taifa namba 5 huku pwani, na pengine huku pwani jua linawaka. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 Mulongwe ulivunja kingo zake, ukaua watu wengi na kubomoa nyumba elfu kadhaa. Mto ule ule, siku nyingine, mtoto auvuka bila kulowa magoti. Hiyo ndiyo hila ya mito yetu: hujaa kwa ghafula, na hupungua kwa ghafula.

Mwezi wa Novemba 2024 tulitaka kwenda Baraka kusali mahali walipouawa Wenye Heri, kwa kuwa ilikuwa miaka 60 tangu kifo chao. Ndani ya gari tulikuwa wanane, naungama. Tulipopita Makobola tukakuta kijito kimejaa, maji mekundu, na watu wamesimama pande zote mbili. Lori kubwa lilikuwa limevuka sasa hivi. Vijana wakapiga makofi: “Mwalimu, pita!” Baba mkubwa akasema kwa sauti ndogo: “Mwanangu, ngojea.” Nilimsikia vizuri. Lakini macho ya watu yalikuwa juu yangu, nami niliona haya kusimama mahali wengine walipopita. Nikaingia.

Katikati ya maji injini ilikohoa mara moja, ikazimika. Hapo nikafanya kosa la pili, baya kuliko la kwanza: nikawasha tena, mara mbili. Katika seminari ndogo tulifundishwa Kilatini hata tukaota nacho, lakini juu ya maji na injini hatukuambiwa neno. Fundi ndiye aliyenifundisha baadaye. Injini, alisema, huvuta hewa kwa bomba lililo mbele, na pistoni huibana hewa ile pamoja na petroli. Hewa hukubali kubanwa, maji hayakubali. Pistoni ikipanda na kukuta maji, kitu kimoja lazima kishindwe, na kinachoshindwa ni mkono wa chuma ulioishika. Bomba la lori liko juu karibu na kichwa cha dereva, ndiyo sababu lilivuka. La kwetu liko kimo cha kiuno changu, na tumbo la gari shubiri moja toka chini. Injini ikizimika majini isiwashwe tena kamwe: gari livutwe kwa kamba hata mahali pakavu, plagi zifunguliwe, maji yatoke kwanza. Kama ningalijua hayo, labda tungalipoteza siku moja tu.

Tulivutwa na watu kumi na wawili. Tukarudi Kalundu juu ya lori la mihogo, Baba mkubwa akiwa ameketi juu ya magunia, hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo liliniuma zaidi.

Injini nyingine iliyotumika, pamoja na kazi ya fundi, ilitakiwa dola 1,400. Katika kisanduku chetu zilikuwamo dola 610, na hizo zilikuwa za masomo ya binti. Yaya akasema tuzitumie, gari likipona litazirudisha. Shemeji hakusema kitu. Alikunja kitenge chake akatazama chini. Ndipo Baba mkubwa akaamua: “Aliyeiingiza mtoni ndiye atakayeitoa. Fedha ya mtoto isiguswe.” Nikauza matofali niliyokuwa nimechoma kwa ajili ya nyumba yangu, elfu sita na zaidi, na salio nikalipa kidogo kidogo.

Kwa hiyo mwezi wa Februari 2025, Bukavu ilipotekwa na hofu ikaingia Uvira, na watu maelfu wakakimbilia Burundi, motokari yetu ilikuwa juu ya mawe, tumbo wazi, haina injini. Baba mkubwa, mwenye umri wa miaka 78, aliondoka nyumbani juu ya pikipiki, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa kijana asiyemjua. Alifika salama, Mungu ashukuriwe. Lakini mimi nilimwona akipanda ile pikipiki.

Injini iliwashwa juma la Pasaka. Tangu hapo shemeji ndiye mshika daftari na ufunguo. Kila safari huandikwa: nani, wapi, lita ngapi. Katika kila dola kumi inayoingia, tatu huwekwa kando kwa mipira, mafuta ya injini, breki na amortiseri, maana njia yetu hula vitu hivyo kuliko ziwa linavyokula nyavu. Watu ni watano, basi. Binti naye aliketi kwenye mtihani wake, karo imelipwa yote.

Mwanzoni mwa Mei 2025 tulikuwa tukirudi kutoka Mboko, na kijito kile kile kilikuwa kimejaa. Jua lilikuwa kali. Nikazima injini, nikashuka, nikachomeka kijiti mahali maji yalipoishia. Kijana mmoja akagonga paa: “Mwalimu, pita tu, si kingi!” Sikumjibu. Tulinunua ndizi kwa mama mmoja, tukala, Baba mkubwa akalala kidogo. Maji yalipokwisha kukiacha kijiti mbali, nilivua viatu, nikavuka kwa miguu nikitafuta mawe na mashimo kwa nyayo zangu, maji yakiwa chini ya magoti. Kisha tukapita kwa gia ya kwanza, polepole, bila kusimama.

Ng’ambo ya pili shemeji akafungua daftari, akaandika: “Kungojea mto, saa mbili na nusu. Gharama: ndizi.”