Sindano ya Ng'ombe, Miti ya Serengeti

Sehemu nyingi za Serengeti zina migunga mingi leo kuliko miaka ya 1960. Hakuna aliyeipanda. Nikiulizwa imetoka wapi, nitaanza na bwana mifugo aliyekwenda maboma ya wafugaji, nje kabisa ya hifadhi, kuwachanja ng'ombe.

Sotoka, tauni ya ng'ombe, iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikashuka kusini kwa kasi ya kutisha. Ng'ombe walikufa kwa wingi, na porini nyati na nyumbu wakafa vilevile, maana ugonjwa huu haukubagua wanyama wa kucheua. Wamaasai wanaukumbuka wakati huo kwa jina la Emutai, yaani maangamizi. Msafiri Oscar Baumann, aliyefika Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta watu waliobaki mifupa kwa njaa. Wageni waliokuja baadaye waliona nyika isiyo na watu wala mifugo, wakadhani ndivyo ilivyoumbwa. Dhana hiyo imetugharimu sana, kwa sababu hadi leo wengi hulieleza pori kana kwamba binadamu alilivamia jana.

Kwa miongo kadhaa sotoka iliendelea kuwaua ndama wa nyumbu, kila kinga waliyopewa na mama zao ilipokwisha. Ilidhaniwa kwamba wanyamapori ndio waliouhifadhi ugonjwa na kuwaambukiza ng'ombe. Chanjo ikaonyesha kinyume chake. Ng'ombe wa maeneo yanayoizunguka Serengeti walipochanjwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sotoka ilitoweka kwa nyumbu pia, ingawa hakuna nyumbu hata mmoja aliyechomwa sindano. Mwaka 1961 walikuwa karibu robo milioni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja.

Nyumbu milioni moja wanakula. Zamani nyasi zilibaki zimesimama baada ya mvua, zikakauka, na kiangazi moto ukapita na kuteketeza hata miche ya migunga kabla haijapata kimo cha kuuvumilia. Walipoongezeka, nyasi zile ziliishia matumboni mwao, na sehemu kubwa ikarudi ardhini kuwa kinyesi, ambacho wadudu hukiviringisha na kukifukia. Moto ukakosa cha kuunguza, na miche ikapata miaka ya kukua. Twiga wakapata majani zaidi. Hewa ya ukaa ambayo zamani ilipaa na moshi, sasa inakaa ndani ya miti na udongo. Ndiyo maana siwezi kuiita chanjo ile habari ya mifugo peke yake.

Kuna jambo lingine linalonishangaza kila ninapolifikiria. Mvua zikianza, nyumbu huacha kaskazini kwenye maji ya kutosha na kwenda tambarare za kusini, ambako mito ni michache na mvua ni haba. Huko wanafuata majivu. Volkano za nyanda za juu za Ngorongoro zilimwaga majivu yao juu ya tambarare hizo, na Ol Doinyo Lengai ingali hai. Nyasi za pale ni fupi lakini zina kalsiamu na fosforasi nyingi, madini ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji sana. Kwa hiyo ndama wengi huzaliwa huko, kati ya Januari na Machi, na wengi wao katika wiki chache tu. Fisi na simba hushiba, lakini hawawezi kuwamaliza ndama waliozaliwa kwa pamoja kiasi hicho. Kiangazi kikiingia, maji hukauka na safari ya kurudi kwenye mto Mara huanza. Maelfu hufa maji kila mwaka wakivuka. Nyama huliwa na mamba, tai na samaki, na mifupa huendelea kuulisha mto kwa miaka kadhaa baadaye.

Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani. Ndui pekee ndiyo iliyowahi kutokomezwa kabla yake. Nyumbu wa Serengeti hawaiogopi tena sotoka. Ila ugonjwa si kitu pekee kinachoweza kuukata mnyororo huu. Upande wa Kenya wapo nyumbu wengine, waliokuwa wakihama kati ya Maasai Mara na tambarare za Loita, walikokwenda kuzaa. Mwaka 1977 walikadiriwa kuwa 119,000 hivi. Miaka ishirini baadaye walibaki kama 22,000. Hawakuugua. Sehemu kubwa ya uwanda wao wa kuzalia ilikuwa imelimwa ngano.