Mtutu wa bunduki hubadilishwa nyumbani, lakini kipimo hakirukwi

Nilipokuwa nikiishi Minnesota, Marekani, jirani yangu mmoja, mwindaji wa kulungu, aliniita jioni moja kwenye gereji yake. Bunduki ilikuwa imefungwa kwenye jiriwa, mtutu wa zamani uko kando, mpya unasubiri. Mimi mtoto wa Kisauni nilishangaa: kumbe kazi hii hufanywa nyumbani kama kubadilisha plagi za gari?

Mtutu huchakaa. Kila risasi inapofyatuliwa, gesi ya moto hula chuma pale mtutu unapoanzia. Baada ya risasi elfu kadhaa, bunduki haipigi tena pale ilipolengwa. Zamani kazi hii ilikuwa ya fundi mwenye mashine ya kukereza. Kampuni ya Savage ilipotoa bunduki yake Model 110 mwaka 1958, mtutu wake ulishikwa kwa nati. Ukilegeza nati, mtutu huzungushwa ndani au nje mpaka ukae sawa, kisha nati hukazwa. Ndiyo maana spana na jiriwa hutosha.

Zinatosha kufunga, ndugu msomaji, si kuthibitisha. Risasi ikiwa ndani haitakiwi kubanwa kupita kiasi wala kucheza. Nafasi hiyo hupimwa kwa vipande viwili vya chuma vyenye umbo la risasi. Kwa kipande cha kwanza bunduki lazima ifunge. Kwa cha pili lazima ikatae. Kwa risasi ya .308 Winchester, vipande hivyo hutofautiana kwa inchi 0.004, takriban milimita 0.1. Jicho halioni hilo.

Jirani yangu alikuwa na kipande cha kwanza tu. Bunduki ikafunga, akatabasamu, akataka kwenda kuijaribu kesho yake. Nikamuuliza, "Na cha pili?" Akasema kitafika kwa posta wiki ijayo. Shinikizo la risasi ile linaweza kufika pauni 62,000 kwa inchi mraba; tairi la gari lina kama 32. Nafasi ikizidi, ganda la risasi hupasuka, na gesi hiyo hurudi kwenye uso wa mpigaji. Tulibishana, mwisho akasubiri. Kipande kilipofika, bunduki ilifunga nacho pia. Mtutu ulikuwa umekaa vibaya.

Hapa kwetu tusiige. Sheria ya shirikisho ya Marekani huhesabu kiunzi cha bunduki kuwa ndiyo silaha, kwa hiyo mtutu waweza kununuliwa kama kipuri. Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, huhesabu hata kipande cha bunduki kuwa silaha. Mwenye leseni ampelekee fundi aliyesajiliwa.

Twasema ajali haina kinga. Ile ya jirani yangu ilikuwa nayo, kipande cha chuma kinachoenea kiganjani.