Pointi za hoteli: dola 3,000 kwa usiku mmoja

Mfanyabiashara wa maharage kutoka Mtabila, wilayani Kasulu, akizoeleka katika gesti ya mjini, mwenye gesti humpunguzia bei papo hapo. Hoteli kubwa za kigeni humlipa mteja wa kudumu kwa njia nyingine: pointi.

Mfano wa karibu uko Zanzibar. Park Hyatt ya Shangani, yenye vyumba 67 na iliyofunguliwa mwaka 2015 katika eneo la jengo la kale la Mambo Msiige, hupokea pointi za mpango wa World of Hyatt badala ya fedha. Mwanachama hupata pointi 5 za msingi kwa kila dola ya Marekani anayotumia katika hoteli za kampuni hiyo.

Hapo ndipo penye hesabu. Usiku mmoja ukitozwa, tuseme, pointi 15,000, mteja atakuwa ametumia kwanza dola 3,000. Chumba hicho kikiuzwa dola 300, amerudishiwa senti 10 kwa kila dola. Si haba, hasa kwa anayesafiri kwa fedha za ofisi huku pointi zikiingia kwa jina lake.

Lakini pointi si akiba ya benki. Akaunti ikikaa miezi 24 bila shughuli, zinafutwa, na kampuni inaweza kupandisha idadi inayotakiwa. Mwenye nazo za kutosha ahifadhi chumba mapema kwa Julai na Agosti, wageni wanapojaa na bei ya fedha taslimu kupanda. Anayekwenda Dar es Salaam mara mbili kwa mwaka kuuza maharage aendelee na punguzo la gesti.