Kushuka Mlima kwa Baiskeli Kunafundishika

Kwetu Masieda, wilayani Mbulu, anayeshuka mlima na baiskeli bila kuanguka husifiwa kwamba ana roho ngumu. Anayeanguka anaitwa mzembe, na habari inaishia hapo. Hakuna anayeuliza miguu yake ilikaaje, macho yalitazama wapi, au alibana breki ipi kwanza. Mimi nasomea ualimu, na jambo hili linanikera. Mbulu iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, njia za vijijini ni udongo na mawe, na mtoto wa darasa la sita hutumwa mashineni na debe la mahindi kwenye keria. Akivunjika mkono, muhula umemwendea. Halafu tunamwambia awe jasiri!

Tuanze na mwili. Asiyefundishwa, akiona mteremko, hukaa kitini kwa uzito wake wote, hunyoosha mikono ikakakamaa, na hukodolea macho lile jiwe analoliogopa. Hayo ndiyo yanayomwangusha. Anatakiwa asimame kwenye pedeli, moja mbele na moja nyuma, zikiwa usawa mmoja ili isiwepo itakayogonga jiwe. Magoti na viwiko vikunjwe kidogo. Mteremko ukizidi ukali, makalio yarudi nyuma. Hapo uzito unabebwa na miguu, baiskeli inarukaruka chini yako na wewe umetulia. Magoti na viwiko ndiyo springi zako, maana Phoenix haina nyingine zaidi ya zile za kiti, na ukishasimama hizo hazikusaidii.

Macho nayo yana kazi. Baiskeli hufuata macho, kwa hiyo tazama pale unapotaka kupita, mita kadhaa mbele, siyo kwenye shimo.

Kwenye breki ndiko kuna uvumi mwingi. Ukibana breki, uzito hukimbilia mbele. Ndiyo maana breki ya mbele ina nguvu kubwa zaidi ya kukusimamisha, na ndiyo hiyo hiyo itakayokupindua ukiibana ghafla mikono ikiwa imenyooka. Wengi wameonywa wasiiguse kabisa. Matokeo yake wanategemea ya nyuma peke yake, gurudumu linajifunga, linaserereka kwenye changarawe, na safari inaishia mtaroni. Zitumie zote mbili, taratibu, huku umerudi nyuma. Punguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa bado imenyooka. Ukishaingia kwenye kona, legeza.

Na usidhani haya ni ya wenye baiskeli za bei mbaya. Mwaka 1976, vijana wa Marin County, California, walianza kushindana kushuka mlima kwa baiskeli kuukuu zenye breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Breki zilipata moto hadi grisi ya ndani ya habu ikaungua, ikabidi kuijaza upya baada ya kushuka. Mashindano yale yakaitwa Repack, yaani kujaza upya, na yamo katika chimbuko la baiskeli za mlimani tunazoziona leo.

Sasa, unamfundishaje mtu? Paul Fitts na Michael Posner, katika kitabu chao cha 1967, walieleza kwamba ujuzi wa mwili hupita hatua tatu: kwanza unafikiria kila tendo, kisha unaanza kuyaunganisha, mwishoni mwili unatenda wenyewe. Aliye hatua ya kwanza, ukimpigia kelele mambo matano kwa mkupuo, hashiki hata moja. Mpe moja tu. Anzia uwanja wa shule: mashindano ya kwenda polepole, wa mwisho kufika ndiye mshindi. Hapo anajifunza kusimama kwenye pedeli bila kuyumba. Halafu tafuta mteremko mfupi, ashuke mara nyingi, na wewe usimame katikati yake, siyo chini, ukiangalia kitu kimoja. “Viwiko vyako vilinyooka ulipofika kwenye mtaro” ni maelekezo. “Usiogope” siyo maelekezo. Wenzangu mtakaopangiwa BTP shule za milimani, hilo linawezekana hata kwa baiskeli moja ya kuazima.

David Kinjah wa Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, kwa miaka mingi amelea vijana wa kijijini kupitia kundi lake la Safari Simbaz. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alipitia kwake akiwa mtoto, akiendesha baiskeli ya mlimani kwenye vilima vile. Baadaye alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2016 alishinda hatua ya nane kwa kushuka kutoka Peyresourde hadi Luchon, akiwa amejikunja juu ya bomba la fremu. (Mtindo huo ulipigwa marufuku mwaka 2021, kwa hiyo msiujaribu.)

Ila washindani wa Tour hawana debe la mahindi nyuma. Mzigo ukikaa juu kwenye keria huyumbisha baiskeli kwenye kona, na hukunyima nafasi ya kurudisha makalio. Ufunge chini kadiri inavyowezekana, karibu na kiti, usichezecheze, na anza kubana breki tangu kileleni, kwa sababu uzito ukishashika kasi breki za vyuma haziuwezi. Mvua ikinyesha, rimu ikilowa, mpira wa breki huteleza. Ubane kidogo mapema ufute maji kabla hujaihitaji breki yenyewe. Kukiwa na utelezi na mzigo kwa pamoja, shuka utembee. Mkono mmoja kwenye usukani karibu na breki, mwingine kwenye kiti, nawe uwe upande wa juu wa njia, ili ikikuponyoka isikuangukie.