Atakaye Kuruka Juu Ajifunze Kwanza Kutua

Ukipita jioni kando ya uwanja wa mpira wa kikapu utawaona vijana wakijirusha kuelekea chuma cha goli, mikono wameinyoosha, na wengi wao wakikikosa kwa upana wa vidole vinne tu. Chuma hicho kimewekwa mita 3.05 kutoka ardhini. Ndicho kimo kilichotokana na James Naismith, mwaka 1891, alipopigilia makapu ya matunda kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi wa mazoezi mjini Springfield, Marekani, na hadi leo hakijabadilishwa. Kwa kuwa chuma hakishuki, kijana hana budi kupanda yeye.

Wako wasemao kwamba mchezo huu ni wa warefu peke yao. Ni kweli kwamba urefu ni mtaji: Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wa ligi ya NBA mwaka 2009, ana kimo cha takriban mita 2.2. Hata hivyo, mwaka 1986 Spud Webb, mtu wa takriban mita 1.70, alishinda shindano la kutumbukiza mpira kikapuni la ligi hiyo hiyo, akimwangusha mwenzake wa timu moja, Dominique Wilkins. Basi kuna jambo jingine zaidi ya urefu, nalo hufunzika.

MSULI NI KAMA MANATI

Fanya jaribio dogo. Chuchumaa nusu, tulia kwa hesabu ya tatu, kisha ruka. Pumzika. Sasa simama wima, jishushe kwa haraka na uruke papo hapo bila kutulia. Aghalabu mruko wa pili utakwenda juu zaidi, ingawa miguu ni ile ile.

Siri yake ni hii: unapojishusha ghafla, misuli ya mapaja na ya shavu la mguu huvutwa, na kano zinazoifunga kwenye mifupa hutanuka kama mpira wa manati. Ukiachia upesi, nguvu iliyohifadhiwa humo hukurusha. Ukichelewa, nguvu hiyo hupotea bure. Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kumbe hata mtaka cha juu naye huanza kwa kuinama.

Mazoezi ya kuifunza miguu kazi hiyo huitwa plaiometriki. Katika Urusi ya Kisovieti, mwalimu wa riadha Yuri Verkhoshansky aliyaendeleza kwa njia ya kushuka kutoka kwenye jukwaa na kuruka mara miguu inapogusa chini. Jina lenyewe lilitungwa mwaka 1975 na Mmarekani Fred Wilt, mkimbiaji wa zamani wa Olimpiki. Lakini kuruka kwa namna hiyo si jambo geni kwetu. Watazame vijana wa Kimaasai ngomani, wanavyodunda wima tena na tena bila visigino kukaa ardhini, au binti anayeruka kamba uani.

MAGOTI HAYANUNULIWI

Hapa ndipo penye hatari, nami nasema kwa kuonja. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa nikiruka kila jioni kutoka juu ya ukuta hadi kwenye sakafu ya saruji, nikiamini kwamba maumivu ndiyo maendeleo. Haukupita muda nikawa nashuka ngazi kwa kushika ukuta kama mzee. Maumivu yalikuwa chini ya kilegesambwa, katika kano ambayo nilikuwa naipiga kila siku pasipo kuipa nafasi ya kupona. Msimu ule wenzangu walicheza, mimi nikawashikia maji.

Kwa hiyo, kijana, anza na kutua. Kwa wiki mbili za kwanza shuka kutoka kwenye kijukwaa cha sentimita 20 hadi 30, utue kwa miguu miwili, magoti yakikunjika na kuelekea uelekeo wa vidole, bila kishindo. Magoti yakigongana kwa ndani, bado hujawa tayari. Jambo hili liwahusu zaidi mabinti, kwani katika michezo ya kuruka huumia kano za ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana, na kujifunza kutua vizuri hupunguza ajali hizo.

Baadaye ongeza kuruka kamba, vidundo vifupi vya kifundo cha mguu, na kuruka juu kwa nguvu zote. Mwanzoni, miguu isiguse ardhi zaidi ya mara 80 hadi 100 kwa siku moja ya mazoezi. Fanya siku mbili kwa wiki, zikiachana kwa saa 48 au zaidi. Pumzika kikamilifu baina ya mafungu, maana ukichoka hufundishi tena wepesi, wafundisha uzito. Tumia nyasi au sakafu ya mbao, uipashe miili moto kwanza, na usisahau mazoezi ya kuchuchumaa na kuinuka, kwa kuwa msuli dhaifu hauna cha kuachia. Lile zoezi la Verkhoshansky la kushuka na kuruka papo hapo ni la mwisho, la waliokwisha kukomaa kwa nguvu, na lisifanywe pasipo mwalimu.

NENO KWA WAZAZI

Mzazi, usimkataze mwanao, mwulize. Je, anatua wapi? Anapumzika lini? Goti linauma asubuhi? Likiuma, aache kuruka, na maumivu yasipokwisha apelekwe kwa mganga hospitalini. Apate chakula cha kutosha na usingizi wa kutosha, kwa maana mwili hujengeka wakati wa mapumziko.

Na wewe kijana, usitazamie miujiza. Baada ya wiki sita hadi kumi za mazoezi ya uaminifu utapata sentimita chache tu. Lakini kumbuka vile vidole vinne vilivyokutenga na chuma: navyo ni sentimita chache tu. Chuma kimesubiri tangu 1891. Kitakungoja nawe, mradi ufike ukiwa na magoti mazima.