Kwa nini usikimbilie vidonge vya seleniamu ukisikia vinatibu thairoidi

Ukienda duka la dawa kutafuta kitu cha kuosha kidonda, huenda ukapewa chupa ndogo ya haidrojeni peroksaidi. Ni ile inayotoa povu jeupe ikigusa damu. Wengine huitumia kubadili rangi ya nywele.

Kemikali hiyo hiyo inatengenezwa ndani ya shingo yako, hata sasa unaposoma habari hii. Na bila hiyo, mwili wako usingeenda sawa.

Inayoitengeneza ni tezi ya thairoidi. Ina umbo la kipepeo na imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo.

Peroksaidi inafanya nini humo?

Kazi ya thairoidi ni kutengeneza homoni zinazopanga kasi ya mwili: mapigo ya moyo, joto, uzito, hata ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Malighafi yake ni madini joto, yale tunayoyapata kwenye chumvi. Lakini yakifika kwenye tezi hayawezi kutumika hivi hivi. Ni lazima kwanza yaoksidishwe, yaani yanyang'anywe elektroni, ndipo yaweze kushikamana na protini.

Hapo ndipo peroksaidi inapohitajika. Kimeng'enya kimoja huitengeneza, na kingine, thairoidi peroksidesi, huitumia kuyabandika madini joto kwenye protini. Zao kuu ni homoni ya T4, yenye atomu nne za madini joto. T3, yenye atomu tatu, hutoka kidogo tu.

Kabimazole, dawa wanayopewa watu ambao thairoidi yao inafanya kazi kupita kiasi, hukizuia kimeng'enya hicho cha pili. Kikizuiwa, homoni hupungua.

Kimeng'enya hicho hicho huandamwa na kinga ya mwili kwenye ugonjwa wa Hashimoto, uliopewa jina la daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912.

Moto unahitaji mlinzi

Peroksaidi ni kama moto jikoni. Huwezi kupika bila moto, lakini ukiuacha bila mtu, unaunguza nyumba. Ikizidi, hushambulia seli zenyewe.

Kwa hiyo tezi ina vimeng'enya vya ulinzi vinavyoigeuza peroksaidi iliyobaki kuwa maji. Baadhi ya vile muhimu haviwezi kufanya kazi bila madini ya seleniamu. Ukilinganisha gramu kwa gramu, thairoidi ina seleniamu nyingi kuliko kiungo kingine chochote mwilini.

Mpaka hapo unaweza kusema: basi ninunue vidonge vya seleniamu, yamekwisha. Subiri kwanza.

Somo kutoka Congo

Kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, na eneo la Ubangi kaskazini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, vilijulikana kwa miaka mingi kwa ugonjwa wa goita. Wapo pia waliokua na upungufu mkubwa wa homoni tangu utotoni, wakabaki wafupi sana na wenye ulemavu wa akili.

Chanzo kikubwa kilikuwa uhaba wa madini joto. Muhogo usioandaliwa vizuri ukaongeza tatizo: sianidi inayobaki humo hugeuzwa mwilini kuwa thiosianeti, ambayo huyazuia madini joto kuingia kwenye tezi.

Ila kulikuwa na fumbo. Kwa kawaida tezi ikikosa madini joto huvimba. Kwa wengi wa walioathirika vibaya zaidi, tezi ilikuwa imesinyaa na kujaa makovu.

Watafiti wa Ubelgiji na Congo walipopima damu, walikuta seleniamu nayo iko chini. Maelezo yao yalikuwa haya: homoni zisipotosha, ubongo huisukuma tezi ifanye kazi zaidi. Peroksaidi inazidi, walinzi hawapo, seli zinakufa, kovu linabaki. Majaribio kwa panya yaliunga mkono maelezo hayo.

Kisha wakajaribu kuwapa seleniamu wanafunzi na wagonjwa huko Ubangi kwa miezi miwili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalikuwa onyo. Badala ya kupanda, T4 ilishuka, na wale ambao tezi zao zilikuwa dhaifu tayari walizidi kuwa na hali mbaya.

Kwa nini? Kwa sababu kimeng'enya kinachoibadilisha na kuivunja T4 nacho kinategemea seleniamu. Kilipopata nguvu, kilianza kuimaliza T4 haraka, huku tezi ikiwa haina madini joto ya kutengeneza nyingine.

Walichosisitiza ni kwamba kwa mtu aliyepungukiwa na vyote viwili, madini joto yatangulie. Seleniamu peke yake inaweza kumuumiza.

Je, seleniamu haina faida kabisa?

Inayo, ikitumika mahali pake. Utafiti uliofanyika Ulaya na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba iliwasaidia wagonjwa wenye tatizo dogo la macho linaloletwa na ugonjwa wa Graves, walipoitumia kwa miezi sita chini ya uangalizi wa madaktari.

Lakini mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 55 tu kwa siku. Samaki, mayai na nyama vinachangia sehemu nzuri ya kiasi hicho. Ikizidi kwa muda mrefu, nywele hukatika na kucha huvunjika.

Ufanye nini sasa?

- Tumia chumvi yenye madini joto, kwa kiasi kidogo. Ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu.
- Mtu mzima anahitaji takribani mikrogramu 150 za madini joto kwa siku. Kwa mjamzito, Shirika la Afya Duniani linashauri 250. Usidhani yakizidi ndiyo bora, maana madini joto mengi mno nayo huivuruga thairoidi.
- Muhogo mchungu ulowekwe siku kadhaa, ukaushwe na kupikwa vizuri.
- Ukiona shingo inavimba, uchovu usioisha, unahisi baridi wakati wenzako wana joto, au moyo unakwenda mbio bila sababu, nenda hospitali. Kipimo cha damu cha TSH ndicho huanza kuonyesha tatizo liko wapi.
- Kama tayari unatumia dawa za thairoidi, usiache wala kuongeza kidonge chochote kabla ya kuongea na daktari wako.

Kwa hiyo safari ijayo ukiona tangazo la vidonge vya "kusafisha thairoidi", jiulize kwanza: nimepimwa? Anayeuza hajui kama tezi yako ina madini joto ya kutosha.