Ukitumwa kwa neropsikologu, usiogope



Mtu akipigwa na jiwe kichwani, sisi wa dispanseri tunashona kidonda, anapigwa picha, na baada ya majuma machache anarudi kazini. Kidonda kimepona, picha ni nzuri. Lakini bibi yake anakuja kutuambia pembeni: « Baba huyu si yule. Nikimwambia neno asubuhi, mchana amesahau. Anakasirikia watoto bure. » Mtu wa namna hii, munganga anaweza kumtuma kwa neropsikologu. Jina ni refu, na watu wanaliogopa. Wanasema: sasa nimeitwa mwenda wazimu, kazi imekwisha.

Sivyo. Neropsikologu amesomea jinsi ubongo unavyoshika maneno, unavyopanga mambo na kukaza fikira. Hana sindano, hatoi damu. Vyombo vyake ni meza, karatasi, kalamu, picha, vipande vya mbao na saa.

Kwa nini maongezi tu? Sikia habari ya Phineas Gage, kapita wa wajenzi wa reli kule Marekani. Mwaka 1848 alikuwa anashindilia baruti katika mwamba, ikalipuka, na mtaimbo wa urefu kupita metre moja ukapita ndani ya kichwa chake. Hakufa, alitembea na kusema, akaishi karibu miaka 12 tena. Lakini rafiki zake walisema tabia yake imegeuka, na wakubwa wake hawakumrudishia ukapita. Kidonda kimefunga, akili bado ina pengo: pengo hilo ndilo linalotafutwa mezani.

Kwanza atakuuliza: aksida ilikuwaje, ulizimia muda gani, ulisoma mpaka darasa gani, unalala namna gani, unakunywa pombe kiasi gani. Sema kweli. Darasa haliulizwi ili upate haya. Anakulinganisha na watu wa umri wako na masomo kama yako. Nenda na bibi yako, sababu anayesahau mara nyingi hajui kwamba anasahau.

Halafu majaribio. Utarudia hesabu alizozitaja, kisha utazirudia kinyumenyume. Atakusomea maneno, mtafanya mengine, na baada ya nusu saa hivi atakuuliza tena yale maneno. Pengine atakupa mchoro wa mistari mingi wa André Rey wa Geneva, uliotolewa mwaka 1941 na ungali ukitumika: unauiga, anauficha, unauchora tena kwa kichwa. Mengine ni rahisi kama mchezo wa watoto, mengine yatakushinda. Ndivyo yalivyopangwa, hakuna anayeyapata yote. Kazi hii inaweza kula saa mbili, pengine siku nzima. Ukichoka, omba kupumzika. Kama Kifaransa kinakulemea, sema mapema na uombe Kiswahili. Kukosa neno la Kifaransa si ugonjwa wa ubongo.

Usiende ukitoka posti ya usiku. Lala, kula, acha pombe, chukua miwani yako. Dawa unazokunywa, hasa za kifafa, usiziache.

Nilimjua dereva mmoja wa lori kubwa. Alimwacha bibi nyumbani, akajibu kila swali « mimi niko muzuri », na usiku wa mbele mtoto wake alikuwa amemzoeza kurudia hesabu. Akarudishwa kwenye lori. Siku chache baadaye alishuka bila kufunga breki, lori likateremka peke yake mpaka ukutani mwa karakana. Bahati, ilikuwa saa ya kula, hapakuwa na mtu.

Matokeo yanapelekwa kwa munganga aliyekutuma, mwombe akueleze. Pengine ni kupumzika zaidi, pengine ni kazi mbali na mashine kwa muda, na baada ya miezi unapimwa tena, maana wengi wanapata nafuu katika miezi ya kwanza.

Yule dereva, mara ya pili, alikuja na bibi yake. Siku hizi anagawa vyuma katika magazini, na kijitabu chake kiko mfukoni.